Kambi ya Saba ya Mwanahawa

Nilipoolewa nikaletwa Cheyo, mtaa wa Tabora, mtu wa kwanza kunitukana alikuwa Mwanahawa binti Pazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mume wangu, macho chini kama nilivyofundwa, naye akapita na beseni la vitumbua kichwani. Akasimama, akanitazama tangu juu hadi chini, akawauliza wakwe zangu kama utosi wa huyu mwali umenyooka au umebonyea, maana yeye hajapata kuona Mnyamwezi ambaye mizigo ya babu zake haikumwachia shimo kichwani. Wakwe zangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilizaliwa Usoke, nikasoma kwa masista hadi darasa la nne, na utani wa Wazaramo na sisi nilikuwa nimeusikia tu kwa wakubwa, haujapata kunifika mwenyewe. Mama mkwe akaninong'oneza kwamba lazima nijibu. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba afadhali utosi uliobonyea kwa mizigo kuliko makalio yaliyobonyea kwa kukaa barazani. Mwanahawa akatua beseni akanipa kitumbua cha moto.

"Huyu atakaa," akasema, akaenda zake.

Ilikuwa miaka ile Waingereza wa mashamba ya karanga walipoanza kung'oa miti Urambo. Mwanawe Mwanahawa, Mabruki, alikuwa amepata kazi huko ya kuendesha trekta, na kwa hiyo sisi wanawake wa mtaani tulimwita Mama Mabruki, watoto wakamwita Bibi, na wazee wa Kinyamwezi hawakumwita jina lolote isipokuwa "wee Mzaramo". Alikuja Tabora akiwa kijana, amefuatana na mume aliyekuwa fundi wa reli. Mume akafia hapa. Siku ya maziko yake Wanyamwezi wa mtaa mzima walifanya kazi ya watani: walichimba, walipika, mmoja akavaa kofia ya marehemu akatembea kama alivyotembea marehemu, akajiangusha kama alivyojiangusha marehemu akitoka kunywa, mpaka mjane akacheka huku machozi yanamtoka. Baada ya hapo ndugu zake waliandika kutoka pwani arudi. Hakurudi. Alisema watu waliomzikia mume kwa namna ile hawezi kuwahama, hata kama hawajui kupika wali.

Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mtani wa mtaa wetu. Palipofiwa nyumba ya Mnyamwezi, Mkristo au Mwislamu, aliitwa kabla ya ndugu wa mbali hawajapelekewa habari. Alifagia, akateka maji, akawatukana wafiwa. Na pale wafiwa walipokuwa wamekaa mkekani siku nzima hawataki maji wala chakula, yeye ndiye aliyewaamuru waoge na wale, kwa sababu amri ya mtani haina mtu wa kuikataa. Ndugu akikuambia kula, unaweza kumwambia huna njaa. Mtani akikuambia, utakula.

Lakini si kwa misiba watoto walivyomjua. Watoto walimjua kwa vitabu vyake.

Habari hiyo ilianzia kwenye vitumbua. Alivifunga katika karatasi za magazeti makuukuu aliyoyapata kwa Mhindi wa dukani. Asubuhi moja mtoto wa jirani yangu, Minza, alinunua kitumbua akakila akiwa amesimama palepale, kisha akaikunjua karatasi yenye mafuta akaanza kuisoma kwa sauti. Lilikuwa tangazo la mnada wa ngozi za ng'ombe. Minza alilisoma mpaka mwisho, ngozi za daraja la kwanza, ngozi za daraja la pili, ngozi zenye matundu, akageuza upande wa pili akasoma nusu ya habari ya mvua iliyochanika. Mwanahawa akamwuliza kama ameelewa. Minza akasema hapana. Akamwuliza basi kwa nini anasoma. Minza akasema kwa sababu kitabu cha shule amekimaliza, katekisimu ameimaliza, na nyumbani hakuna kingine.

Mama yake Minza, Bertila, alisimulia jambo hilo kwa kucheka. Mwanahawa hakulicheka. Aliniambia baadaye kwamba siku ile hakuuza vizuri, kila akifunga kitumbua anaitazama ile karatasi. Yeye mwenyewe herufi za Kiarabu alizijua tangu chuo cha Kurani utotoni kwao, na hizi nyingine alifundishwa na Mabruki alipokuwa mwanafunzi, lakini aliziandika polepole, moja moja, kama mtu anayepanga mayai. Akanunua daftari. Baada ya muda akaja kwangu nikiwa namnyonyesha mwanangu wa kwanza, akanifunulia daftari lile, akaniomba niandike upya kwa mwandiko mzuri wa masista, kwa sababu mtoto hawezi kucheka huku anahangaika kujua kama hii ni a au o.

Ndivyo nilivyopata kuwa wa kwanza kumsoma Mihambo.

Mihambo alikuwa mpagazi wa zamani, Mnyamwezi kama sisi, aliyetoka Unyanyembe na msafara kwenda pwani. Kitabu hakikuwa na sura. Kilikuwa na kambi. Kila palipolala msafara ndipo palipoishia daftari, na kambi iliyofuata ilikuwa na daftari lake. Kambi ya kwanza ilianza hivi:

"Mihambo alikuwa hodari wa kuchagua. Wenzake walichagua mizigo kwa kuinyanyua. Yeye alichagua kwa kuitazama. Akaona kisanduku kidogo kuliko kiota cha kuku, akakiwahi, akawacheka wenziwe waliobeba marobota. Hakujua kwamba kisanduku kimejaa risasi. Walipofika kambini shingo yake ilikuwa imezama kifuani, na ili aone mbele ilimbidi afungue vifungo vya shati."

Nilipofika hapo nilicheka mpaka mtoto akaachia ziwa akanitazama.

Kambi ya pili Mihambo alibadilishana kisanduku na mzigo mkubwa kuliko wote, akiwa sasa ameerevuka. Ulikuwa manyoya ya mbuni. Walipofika Goweko upepo ukavuma, ukamrudisha Tabora akiwa juu juu, akiwapungia mkono watu wa nyuma ya msafara. Kambi ya tatu akapewa punda wa kumsaidia. Kambi ya nne punda akachoka. Kambi ya tano Mihambo ndiye aliyembeba punda, na punda, kwa kuwa alikuwa juu na anaona mbali, akawa anamwelekeza njia kwa kumvuta masikio. Kila kambi iliishia mahali pabaya, mguu mmoja hewani, na mtoto aliyemaliza daftari alibaki ameshikilia karatasi ya mwisho akiigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

Ndipo watoto walipomjia Mwanahawa. Walikaa nje kwake wakimwomba awasimulie kinachofuata. Hakusimulia hata siku moja. Hilo lilikuwa sharti lake na hakulivunja kwa mtoto yeyote, hata kwa mtoto wa Mabruki alipoletwa kutoka Urambo kutembea. Alisema hadithi za kusimuliwa wamezisikia nyingi kwa bibi zao wa kweli. Hii ni ya mtu mmoja na macho yake. Atakayetaka kujua aingoje kambi, aisome mwenyewe, hata kama atasoma neno moja na kupumzika. Nikanakili kila kambi mara mbili, yeye akayashona madaftari kwa uzi wa gunia ili yasiachane, na yakazunguka nyumba kwa nyumba mpaka pembe zikawa laini kama kitambaa. Watoto waliokuwa wameanza kusahau kusoma tangu watoke shule walirudiwa na kusoma. Si kwa kupigwa. Walitaka kujua punda amesema nini.

Minza ndiye aliyesoma kwa kasi kuliko wote. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye miguu mirefu, hasemi sana, akisoma anakunja kidole gumba ndani ya ngumi. Alipocheka hakutoa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Nilizoea kumwona ameegemea ukuta wa jikoni kwao, mabega yanatikisika, na mama yake anamwita mara ya pili na ya tatu aende akateke maji.

Kambi ya sita ilitoka mvua za kwanza zilipokaribia. Msafara umeingia Mgunda Mkali, pori lisilo na watu, chakula kimepungua. Mihambo ananusa asali. Anajitenga, anakuta mzinga umeangushwa chini, anaingiza kichwa alambe, na kichwa hakitoki. Daftari linaishia pale, kichwa kimo ndani ya mzinga, na ngoma ya kuondoka inalia.

Kisha surua ikapita Cheyo. Iliingia karibu kila nyumba. Wangu alikuwa mchanga, nikamfungia ndani na kumwomba Mungu. Wengi walipona. Minza alionekana amepona, vipele vikanyauka, lakini kifua kikabaki. Walimpeleka kwa mganga wa serikali akapewa dawa, akarudi nyumbani, na kila siku akawa anapumua kwa mbavu zaidi.

Mwanahawa alikwenda kumwona na uji wa mtama. Nilikuwepo. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye mkeka karibu na mlango apate hewa, mama yake amemwegemeza. Aliamkia, "Shikamoo Bibi," na Mwanahawa akaitika marahaba, akaanza kumtania kama kawaida, akamwambia Wanyamwezi siku hizi wamekuwa walegevu, wanabebwa kwa mkeka. Mabega ya Minza yalitikisika kidogo. Halafu akauliza, akipumzika kati ya maneno:

"Bibi, Mihambo alitokaje?"

Mwanahawa akamtazama. "Kambi ya saba bado sijaiandika."

"Lakini unaijua."

"Naijua."

"Niambie mimi tu. Sitamwambia Tekla."

Tekla alikuwa shoga yake, mtoto wa nyumba ya tatu. Mwanahawa alimpangusa uso kwa ncha ya kanga. Nilidhani atasema. Nadhani yeye mwenyewe alidhani atasema.

"Pona kwanza," akamwambia. "Ukipona, wewe ndiwe utakayeisoma wa kwanza, kabla hata wino haujakauka. Nikikuambia leo utakuwa na sababu gani ya kuamka?"

Minza akageuzia uso ukutani, kama mtoto anavyofanya akinyimwa. Mwanahawa akacheka kidogo, akaacha uji, akaondoka. Nilijua alikuwa anaharakisha, kwa sababu jioni ile aliniomba niweke kalamu tayari.

Mtoto hakupona. Alikata roho asubuhi, siku ya pili yake, jua likiwa limeshatoka.

Sisemi mengi juu ya maziko. Kwa mtoto mtani hafanyi makubwa, haigizi mwendo wa marehemu wala haingii kaburini. Lakini huja. Hufagia ua, huteka maji, humkemea baba akilia kupita kiasi, na humwinua mama mkekani. Watu walikuwa wakiangalia njia. Tulirudi kutoka makaburini, Mwanahawa hajaja. Limbu, baba wa Minza, alikaa nje na wanaume. Kaka yake, Ambrosi, aliyetoka Goweko kwa treni, alikuwa mtu mwenye maneno, akasema wote wasikie kwamba Mzaramo amekula nao miaka yote, kwenye harusi yupo, kwenye ubatizo yupo, leo wamezika mtoto amefunga mlango. Basi na wao watajua kwamba hawana mtani.

Hilo la kujua si dogo. Mtani akikimbia msiba anakuwa kama aliyesema hamjuani. Baada ya hapo akikutania ni matusi, na wewe ukichukua kitu chake ni wizi.

Lakini mimi nilikuwa ndani, na lililonitia hofu halikuwa hilo. Bertila alikuwa mkekani tangu mtoto alipokufa. Hakulia tena. Alikuwa amekaa, miguu imenyooshwa, kitambaa cha mtoto mapajani, midomo imepasuka kwa kiu. Tulimletea maji akasema baadaye. Tulimletea uji akasema baadaye. Mama mkwe wangu alijaribu, dada zake wakajaribu, mke wa katekista akaja akasali naye, Bertila akasali vizuri, akaitikia kila mahali, na maji akasema baadaye. Jioni ikapita, ikaja asubuhi, hali ni ileile. Akinamama wakaanza kutazamana. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Bertila asingemwambia baadaye.

Nikamfunga mwanangu mgongoni nikaenda kwa Mwanahawa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba, jiko halikuwashwa, na harufu ya mafuta ya vitumbua haikuwepo ndani. Nikamwambia alivyo Bertila. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nitaingia pale nimtukane nini?" akasema. "Mtoto aliniomba neno moja. Nilikuwa nalo hapa mdomoni. Nikamnyima, nikamfanyia ualimu. Mdomo huu huu niupeleke kwa mama yake ukafanye mzaha?"

Nikasema hakukusudia. Akasema hata mwenye kukusudia asingeweza kumkosea vizuri zaidi ya hivyo. Akaniambia kalamu nisiweke tena. Mihambo na akae humo mzingani mpaka aoze.

Nilirudi. Sikujua niwaambie nini, nikawaambia kweli yote kama nilivyoisikia, nikiwa nimekaa karibu na Bertila lakini nikizungumza na mama mkwe, kwa sauti ya chini. Sikudhani kama mfiwa anasikiliza. Alikuwa akisikiliza. Alikiweka kile kitambaa kando, akashika ukuta, akasimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi asimame kidogo kwanza. Dada yake akamwuliza anakwenda wapi, akajibu kwa Kinyamwezi kwamba anakwenda kwa mdeni wake.

Tulimfuata. Wanawake wakamfuata, kisha wanaume wakaona, wakafuata pia, Ambrosi mbele na fimbo yake, watu wakidhani kuna ugomvi. Bertila hakugonga mlango. Aliingia uani kwa Mwanahawa, akatazama huku na huku, akamwona kuku mweupe mnene anaparua karibu na kinu. Akamvizia. Mwanamke ambaye hajala, hajaoga, nywele zimesimama, akamfukuza kuku kuzunguka kinu, akamkosa, akamfukuza tena, akamkamata kwa mbawa. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mwanahawa alikuwa ametoka amesimama mlangoni.

"Wee Mzaramo," Bertila akasema, akihema. "Mtani asiyekuja msibani hulipa. Nimemchukua huyu."

"Mchukue, Mama Minza. Na waliobaki wachukue."

"Siwataki waliobaki. Nataka unitukane."

Kuku peke yake ndiye aliyekuwa akilalamika.

"Siwezi," Mwanahawa akasema. "Unajua mwenyewe. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Bertila alimbana kuku kwapani apate kusema. "Ulipotoka alikasirika. Alisema Bibi ana roho mbaya. Alisema wewe hujui Mihambo atatokaje, ndiyo maana umekataa, yeye anajua. Atavutwa na punda. Halafu akasema hapana, watampaka samli shingoni. Usiku kucha alikuwa anagombana na wewe, mayu, mama, mpaka pumzi ikamwishia yuko kwenye punda. Mwanangu hakupata nafasi ya kuogopa. Mimi ndiye ninayeogopa. Na nimekaa pale nangoja mtu wa kunitukana, hakuna."

Mwanahawa akamtazama kuku. Akamtazama sana. Niliona kitu kinapita usoni pake, kama mtu aliyeguswa bega na anayemjua.

"Mnyamwezi," akasema taratibu, "babu zako walibeba mali ya watu kutoka hapa mpaka baharini, hawakupoteza hata ushanga mmoja. Wewe kuku mmoja umemkosea nyumba. Huyo si wangu. Ni wa fundi cherehani wa nyumba ya pili. Na fundi cherehani ni Mmanyema, hana utani na wewe hata kidogo. Kwa Mmanyema huo ni wizi."

Bertila akamtazama kuku. Sote tukamtazama. Na kweli, alikuwa amefungwa kitambaa chekundu mguuni, kama fundi alivyowafunga kuku wake wote.

Sijui ni nani aliyeanza. Najua tu kwamba Bertila alikaa chini palepale, kuku amemkumbatia, na kilichomtoka kilianza kama kicheko na hakikuishia kama kicheko. Mwanahawa akatoka mlangoni akamwendea, akamkamata mkono kwa nguvu, hakumbembeleza.

"Simama, mwizi. Unanuka. Kuku mwenyewe amezirai. Utaoga, utakula, halafu tutampeleka huyu kwa mwenyewe, utaeleza kwa mdomo wako jinsi wapagazi walivyoharibika siku hizi." Akamgeukia Ambrosi. "Na wewe mwenye fimbo, umetoka Goweko kwa treni kuja kunipiga? Babu yako angekuja kwa miguu na mzigo. Nenda kanipasulie kuni."

Ambrosi alikwenda akapasua kuni. Mwanahawa akachemsha maji, akamwogesha Bertila mwenyewe nyuma ya nyumba, akimkemea muda wote, na sisi tuliokuwa tukisikia tulisikia pia pale sauti yake ilipokatika, kisha akaendelea kukemea. Bertila alikunywa maji kata nzima. Alikula uji. Alikula tena.

Kambi ya saba ilichelewa. Sikumwuliza. Watoto nao hawakuuliza, isipokuwa Tekla, aliyekuja mlangoni siku moja, akasimama kwa mguu mmoja, akasema Minza angeuliza. Mwanahawa akamwambia aende zake. Wiki hiyo akaniletea daftari.

Mihambo hakutoka mzingani. Wenzake walimvuta miguu wakashindwa. Mnyapara wa msafara akapita akikagua mizigo, akaona mtu mwenye mzinga kichwani, akasema huyu ana mzigo wake tayari, tena wa asali, mpitisheni. Ikawa mara ya kwanza katika safari yote mzigo aliouchagua Mihambo kumfaa. Haoni kitu. Anatembea akilamba, na mbele yake, kamba mdomoni, anatangulia punda, akimvuta.

Nakala ya kwanza ilipelekwa kwa Bertila. Hajui kusoma, Tekla ndiye aliyemsomea, wamekaa kizingitini, nami nilikuwa nachambua mchele upande wa pili wa ua. Bertila hakucheka. Alisikiliza akiwa ametazama mikono yake. Walipofika mwisho akamwomba mtoto arudie pale pa punda, Tekla akarudia. Akamwomba tena.

Kitabu kiliendelea mpaka msafara ukafika pwani, na Mwanahawa anasema anafikiria kuwarudisha. Hakijapigwa chapa, ni madaftari tu, na yale ya mwanzo nimekwisha kuyanakili upya mara nyingi kwa kuchakaa. Sharti lake lipo vilevile. Asiyesoma hasimuliwi.

Ila amelitoboa mahali pamoja. Mtoto akiumwa, humwendea, hukaa karibu ya kichwa chake, na humwambia yote yaliyobaki, kambi hadi kambi, hata zile ambazo hajaziandika, mpaka mwisho. Hasubiri kuombwa. Mwanangu alipopata homa mwaka jana alikuja na uji wake akamsimulia namna hiyo, na mtoto alipopona akaenda kuwatangazia wenzake wote. Tangu hapo homa zimezidi Cheyo. Siku ya kambi mpya kukaribia, utawakuta watoto wawili watatu wamelala mikekani mchana kweupe, wamejifunika gubigubi, wanaugulia kwa zamu. Mwanahawa huitwa, huja, huingiza mkono chini ya shuka, huweka nyuma ya kiganja kwenye paji la uso lililo baridi kama mtungi. Hunitazama. Kisha huketi, hukunja miguu, na humsimulia.